Mdogo wangu kakamatwa na ulevi barabarani Illinois, mahakama inamtaka akafanyiwe tathmini. Aseme nini huko ndani?

Mtoto wa Jang'ombe (mwanzisha uzi):

Assalaam alaykum wana jukwaa. Hii ni habari ya nyumbani, ningeweza kuikalia kimya, lakini nimekosa pa kuuliza.

Mdogo wangu wa kiume yuko Marekani, jimbo la Illinois, nje kidogo ya Chicago. Anaendesha gari la kusambaza vifurushi, ndiyo riziki yake na ndiyo inayoleta dawa za mama za presha huku. Mwezi uliopita polisi walimsimamisha usiku akitoka kwa wenzake, wakampulizisha, mashine ikasoma 0.17. Hicho ni kiwango cha pombe mwilini, na kikomo kule ni 0.08. Hakugonga mtu wala ukuta, na ni mara yake ya kwanza. Wakili wake kamwambia kuwa kabla hakimu hajatoa hukumu, ni lazima aende kufanyiwa tathmini ya ulevi na madawa. Atahojiwa, atajaza dodoso, na ripoti itakwenda mahakamani.

Juzi kanipigia simu: "Dada, nitawaambia nilikunywa bia mbili, siku ile tu, maishani sijawahi." Nikamuuliza, ndiyo kweli? Akaanza kuniuliza habari za mvua.

Kuna na jengine. Huyo mtu wa tathmini kasema huenda akapenda kuzungumza kwa simu na mtu wa familia. Mama hajui kitu. Mama anajua mwanawe anaswali tano na anafunga hata sita za Shawwal. Nimemdokezea ami yetu mmoja tu, naye kasema tukane wote kwa pamoja, tumsitiri ndugu yetu, watu wenyewe wako mbali na hawamjui.

Sasa mimi sijui. Akikana atapona? Akisema kweli si ndiyo kajifunga mwenyewe? Na hiyo simu ikija, nani apokee?

Kaskazi 77:

Bia mbili 0.17? Labda alikunywa kwa ndoo.

Mzee wa Bandari ya Malindi:

Wa alaykum salaam binti yangu. Mimi nakwambia dodoso za Wazungu hazimtoi mtu kwenye maasi. Mwambie atubie, atupe chupa, arudi nyumbani avue na wenziwe. Pombe ipo hata hapa, hoteli zimejaa, na tembo la mnazi tangu babu zetu lipo, lakini anayetaka kuacha huacha. Ami yenu kasema kweli. Aibu ya mtu wako hutiwa shimoni ikafukiwa.

Bint Mkunazini:

Babu kwa heshima zote, huyu hakuulizwa kama anataka kuacha. Kaamriwa na mahakama. Asipokwenda hakimu hamalizi kesi. Tumuache dada apate jibu la swali lake.

Mkalimani Mstaafu:

Dada, mimi nimeishi Illinois miaka mingi, kazi yangu ikiwa ukalimani wa Kiswahili hospitalini, mahakamani, na kwenye ofisi hizo hizo anazopelekwa mdogo wako. Sasa niko nyumbani Bububu, nalea wajukuu na kuku. Nitakueleza inavyokwenda, usome polepole.

Kwanza muondoe dhana kwamba ile ni kesi ya pili. Mtathmini hamuhukumu mtu kwamba alilewa au hakulewa, hilo ni la hakimu. Anachotakiwa kusema ni kwamba mtu huyu akishika tena usukani, hatari ya kurudia ikoje, na apewe nini ili asirudie. Illinois wana ngazi nne, na mtathmini hazitoi kichwani mwake, zimeandikwa. Asiye na kosa la nyuma, aliyesoma chini ya 0.15 na hana dalili nyengine, huwekwa ngazi ya chini kabisa: saa 10 za darasa. Aliyesoma 0.15 hadi 0.19, au aliyekataa kupuliza, ni ngazi ya wastani: saa 10 za darasa pamoja na saa 12 za vikao, na vikao hivyo haviruhusiwi kubanwa chini ya wiki nne. Aliyefika 0.20, au mwenye kosa moja la nyuma, au mwenye dalili za matumizi mabaya, ni ngazi ya tatu: zile saa 10 na saa 20 za matibabu. Ngazi ya juu ni ya wenye dalili za uraibu au makosa mawili ya nyuma ndani ya miaka 10, na hao hupewa saa 75 za matibabu.

Sasa mtazame mdogo wako. Ile 0.17 imo ndani ya faili kabla hajagonga mlango. Hata akishika msahafu, ngazi ya chini haipati, imeshampita. Kwa hivyo huo uongo anaununua kwa bei kubwa na hauleti kitu.

Bei yenyewe ndiyo hii. Mwanamme wa kilo 80 hivi, chupa moja ya bia ya mililita 355, yenye nguvu ya asilimia 5, humpandisha 0.02 na ushei. Mwili nao huondoa kama 0.015 kila saa. Piga hesabu mwenyewe: 0.17 ni chupa saba, nane, pengine zaidi, kutegemea alianza saa ngapi. Mtathmini hesabu hiyo anaifanya kila siku. Ukimwambia mbili hatakugombeza. Ataandika tu kwamba maelezo ya mteja hayalingani na kipimo.

Niliwahi kukaa na kijana mmoja, sitataja kwao wala mwaka. Naye alisema mbili. Mtathmini alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Hakubisha. Akafungua ripoti ya polisi, akasoma: mtuhumiwa alitembea hatua tisa juu ya mstari, kisigino kwa kidole, akageuka, akarudi bila ya kuyumba. Kijana akanitazama kwa furaha, akaona kashinda. Mama akavaa miwani, akaandika mstari mmoja. Nilikuwa najua anaandika nini, na haikuwa kazi yangu kusema. Mtu mwenye pombe nyingi kiasi kile mwilini anayetembea nyooka ni mtu ambaye mwili wake umeshaizoea. Hiyo imo katika dalili 11 wanazozitumia madaktari wa Marekani kupima uraibu. Mbili au tatu ndani ya mwaka mmoja ni hali nyepesi, nne au tano ni ya kati, sita na kwenda mbele ni nzito. Kijana kajitia dalili ya kwanza kwa tabasamu.

Na hizo dodoso zina mitego yake. Kuna moja inaitwa Mortimer-Filkins, iliyotungwa Michigan mwanzoni mwa miaka ya 1970 mahsusi kwa madereva walevi. Kuna DRI, hiyo ina kipimo kizima kinachoangalia ukweli wa anayejibu. Ukijibu kama malaika, hujawahi kukasirika, hujawahi kumsema mtu, hujawahi kuchelewa kazini, alama zako za ukweli zinaharibika na ripoti inaandika hivyo.

Tatizo la watu wetu ninalijua. Sisi tumelelewa na sitara. Mtu akikuuliza "unakunywa?" jibu linatoka lenyewe kabla akili haijafika: "Mimi? Astaghfirullah." Kwenye ukumbi wa harusi Kikwajuni jibu hilo linakulinda, linamlinda na mama yako. Kwenye kile chumba linasomwa kama kukana maradhi, na kukana ndiko kunakoweza kumfanya mtathmini akuongezee saa.

Kaskazi 77:

Mkalimani umenitisha na mimi ninayekunywa soda.

Bint Mkunazini:

Shukran sana Mkalimani. Naongeza la uhamiaji kwa sababu dada hakusema mdogo wake ana karatasi gani. Kama ana viza tu, tangu mwaka 2015 Wizara ya Nje ya Marekani inaweza kuifuta viza kwa kukamatwa tu na ulevi barabarani, hata hukumu haijatoka. Akishatoka nchini kurudi ni shughuli: ataomba upya na atapelekwa kwa daktari wa ubalozi kupimwa. Kama ana kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kosa moja la kawaida la ulevi peke yake kwa desturi halimfukuzishi. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2004, kesi ya Leocal, ilisema ulevi barabarani pekee si kosa la ukatili la kumfukuzisha mtu. Lakini akija kuomba uraia, makosa mawili yanamuweka pabaya.

Na asidanganyike na ule "uangalizi wa mahakama" wanaopewa wa mara ya kwanza Illinois. Ukiumaliza vizuri, kwa sheria za jimbo unahesabika hukuhukumiwa. Uhamiaji wana macho yao, wanaweza kuuhesabu kuwa ni hukumu. Wakili wake analazimika kumueleza haya. Tangu kesi ya Padilla ya mwaka 2010 ni haki yake kuelezwa. Amuulize waziwazi kabla hajakubali chochote.

Mtoto wa Jang'ombe:

Ana kadi ya kijani, alhamdulillah. Bado miaka miwili aombe uraia. Allah awalipe. Sasa ngoja niulize la aibu. Hiyo ripoti akisema kweli, mwajiri wake ataiona? Na Wazanzibari wa kule? Maana wale wakijua leo, kesho asubuhi iko Darajani inauzwa na embe.

Mkalimani Mstaafu:

Hilo si la aibu, ndilo wanaloliuliza wote. Kuna sheria ya shirikisho, ya tangu miaka ya 1970, inayolinda rekodi za matibabu ya ulevi na madawa kwa ukali kuliko hata rekodi za kawaida za hospitali. Atatia saini karatasi ya ruhusa, na karatasi hiyo inataja ripoti inakwenda kwa nani: mahakama, wakili, basi. Aisome kabla ya kusaini. Mwajiri hamo. Ila leseni ikifungiwa mwajiri atajua kwa njia hiyo, maana kijana ni dereva.

Kuhusu Wazanzibari wa kule, chanzo cha kuvuja mara nyingi ni sisi wenyewe. Mtu anampeleka binamu yake akamtafsirie. Asifanye hivyo! Aombe mkalimani wa kazi, aliyekula kiapo. Binamu ana mke, mke ana shoga, shoga ana simu.

Soba wa Unguja:

Naomba na mimi niseme kidogo. Nafanya kazi kwenye soba hausi, nyumba ya wanaoacha madawa na pombe, hapa Unguja, na mimi mwenyewe niko kwenye nafuu mwaka wa kumi na kitu, ilikuwa unga, haikuwa pombe.

Hicho anachokieleza Mkalimani tunakiona kila wiki, tafauti ni kwamba hapa hakuna hakimu aliyemtuma mtu. Analetwa na watu wake. Basi wanaingia: mama, kaka, pengine na sheha. Kijana anakaa katikati anatazama kandambili zake. Namuuliza, "Unatumia nini?" Mama anajibu. "Tangu lini?" Kaka anajibu. "Mara ngapi kwa siku?" Mama anasema, "Siku hizi kapunguza." Nimejifunza kuwaomba wote watoke nje wakanywe chai. Mlango ukifungwa, yule kijana anashusha pumzi, na ndipo anapoanza kunihesabia kwa vidole, mpaka vidole vinakwisha.

Kwa hivyo ami akimfundisha kijana maneno ya kusema, ni kama yumo ndani ya chumba anajibu yeye. Muacheni mtoto aende peke yake.

Na Mzee wa Malindi, shikamoo babu. Hapa kwetu tulifukia shimoni miaka na miaka, mashimo yakajaa. Mwaka 2015 Serikali ilipoanza kutoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aache unga, pale hospitali ya Kidongo Chekundu, waliojitokeza walikuwa watoto wa nyumba ambazo ungeapa hazina teja. Mficha uchi hazai.

Mzee wa Bandari ya Malindi:

Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie nafuu. Sijasema asitibiwe. Lakini nisikilizeni na mimi. Nimesikia huko Marekani ukishatathminiwa wanakupeleka kwenye vikao vya AA, vile vya walevi wanaosaidiana kuacha, vinakaliwa makanisani chini, mwisho wanashikana mikono wanasoma sala yao. Mtoto wa Kiislamu anatolewa kwenye pombe anaingizwa kwenye nini? Hilo mmelifikiria?

Mkalimani Mstaafu:

Hapo Mzee umegonga penyewe, na nilikuwa nasubiri aulize mtu. Ni kweli AA ilianzishwa Ohio mwaka 1935 na Wakristo, na vikao vingi hukaliwa kwenye kumbi za makanisa kwa sababu kodi ni rahisi. Lakini mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya shirikisho, ile inayosimamia Illinois, Indiana na Wisconsin, katika kesi ya mfungwa mmoja wa Wisconsin iliamua kwamba Serikali haiwezi kumlazimisha mtu kuhudhuria vikao vyenye mafunzo ya dini. Kwa hivyo mdogo wake dada ana haki ya kusema kwa adabu: nipeni mbadala. Wapo SMART Recovery, hao hawana habari ya dini kabisa. Na wapo Millati Islami, Waislamu wa Baltimore walioanza mwaka 1989, wakazichukua zile hatua 12 za AA wakaziandika kwa mujibu wa Uislamu. Wana vikao.

Muhimu amwambie mtathmini mapema, mle mle ndani ya mahojiano. Asingoje mpaka amepangiwa kikao halafu asiende. Asiyekwenda anaandikwa hakwenda, hakuna anayeuliza dini yake.

Mzee wa Bandari ya Malindi:

Hapo nimeelewa. Hao wa Baltimore nimewapenda.

Pemba Kojani:

Mimi nauliza pembeni, hapa kwetu mbona hakuna kitu kama hicho? Trafiki akikukamata umelewa na Vespa yako, kesi inakwenda, unalipa, unatoka, Ijumaa ya pili uko barabarani pale pale unayumba. Hakuna anayekuuliza kama una tatizo.

Soba wa Unguja:

Ndiyo hapo pagumu, Kojani. Bara kikomo ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, ndiyo hiyo hiyo 0.08 ya Marekani, kwa hivyo namba si kitu tulichokosa. Kinachokosekana ni huyo mtu wa katikati, anayekaa na dereva saa nzima baina ya kukamatwa na kuhukumiwa. Hakimu wa Mwanakwerekwe ana kesi zimerundikana, atamjuaje anayekunywa harusini na asiyeweza kulala bila ya chupa? Na dodoso lipo, wala si la kununua. Shirika la Afya Duniani lilitoa AUDIT mwaka 1989, maswali 10 tu, alama hadi 40, ukipata 8 au zaidi ujue kuna jambo. Sisi tunalitumia kwa Kiswahili, dakika tano limekwisha. Lingeweza kukaa kwenye meza ya karani wa mahakama.

Pemba Kojani:

Karani wa Chake ukimpa dodoso la ulevi atampelekea kwanza bosi wake alijaze 😂

Mtoto wa Jang'ombe:

Nimecheka baada ya siku nyingi. Nimezungumza na mdogo wangu usiku, nimemsomea uzi huu wote. Mwanzo alikasirika kwamba nimeandika. Halafu akasema, "Dada, hazikuwa bia. Ilikuwa vodka, na si siku ile tu." Wallahi nilikaa kimya mpaka akadhani simu imekatika.

Sasa Mkalimani, nielekeze. Kila anachokijua akimwage chote? Na ile simu?

Mkalimani Mstaafu:

Asimwage yasiyoulizwa. Kwanza azungumze na wakili, khasa kuhusu usiku wenyewe: alikunywa wapi, nani alikuwepo, maana kesi bado iko wazi na ripoti inakwenda kwa hakimu. Wakili atamwambia mipaka. Lakini akiulizwa anakunywa nini, mara ngapi, kiasi gani, ajibu kama alivyokujibu wewe. Achukue rekodi yake ya udereva na karatasi za kukamatwa. Tangu leo asiguse, kwa sababu wanaweza kumpima mkojo, na kuna kipimo kinachoona pombe ya siku tatu nyuma. Na gharama ya tathmini ni juu yake, ila kama kweli hana uwezo aulize, lipo fungu la wasiojiweza.

Akienda hivyo, na kama hana dalili nyingi, huenda akabaki ngazi ya wastani. Akipanda ya tatu ni saa 20 za matibabu, na kwa maneno aliyokwambia jana sidhani kama ni hasara. Ajue pia kwamba aliyesoma 0.16 au zaidi Illinois ana faini isiyopungua dola 500 na saa 100 za kazi za jamii, hayo yapo hata awe mkweli vipi.

Kuhusu simu: mama asipokee. Si kwa kumficha, mwanawe atamwambia mwenyewe akiwa tayari. Ni kwamba mama hakuona kitu, atasema asichokijua kwa mapenzi. Pokea wewe. Ukiulizwa "umewahi kumuona amelewa?" sema ulichokiona, na kama hukuona sema hukuona. Usipambe, usimkaange.

Mtoto wa Jang'ombe:

Mimi nitapokea. Wamesema watapiga Jumanne saa nne asubuhi ya kwao.

Mkalimani Mstaafu:

Saa nne ya Chicago siku hizi ni saa kumi na mbili jioni kwetu, Magharibi inaadhiniwa. Waandikie mapema wasogeze mbele kwa saa moja, uswali kwanza. Wanakubali, ila mtumie ujumbe mtathmini mwenyewe, usimpitishie mdogo wako.